Radikali fupi, radikali ndefu: kwa nini kt si namba moja

Muhula uliopita mwanafunzi wangu mmoja hapa Mwanza alinijia na daftari lake la maabara, akiamini kwamba ameharibu jaribio. Alikuwa amepolimisha, yaani ameunganisha molekuli ndogo (monoma) kuwa minyororo mirefu, methakrilati ya methili, monoma inayotengenezewa vioo vya plastiki, kwenye nyuzijoto 60 za Selsiasi. Aliongeza kianzishi, kemikali inayoanzisha minyororo hiyo, mara nne akitarajia kasi iongezeke mara mbili, lakini haikufika. "Mwalimu, nimekosea wapi?" aliniuliza. Hakuwa amekosea popote. Kilichompotosha ni jambo ambalo sisi walimu hulipitia kwa haraka mno, yaani dhana kwamba kizigeu cha kasi ya ukomeshaji (kufa kwa minyororo inayokua), tunachokiandika kt, ni namba moja isiyobadilika.

Radikali huru, yaani molekuli zenye elektroni isiyo na mwenza, huzaliwa kianzishi kinapovunjika, hukua kwa kuongeza monoma moja baada ya nyingine, kisha hufa mbilimbili, ama kwa kuungana ama kwa moja kuipokonya nyingine atomu ya haidrojeni. Kwa kuwa zinakufa mbilimbili, ukizidisha kasi ya kuzaliwa mara nne, idadi ya zilizo hai huongezeka mara mbili tu, na hapo ndipo inapotoka kanuni kwamba kasi hufuata kipeuo cha pili cha kiasi cha kianzishi. Hesabu hiyo ni sahihi, ila inachukulia kwamba radikali yenye monoma 5 hukutana na mwenzake kwa wepesi uleule wa radikali yenye monoma 5,000.

Ncha mbili zenye radikali zikishagusana, mmenyuko humalizika mara moja. Kinachochukua muda ni safari ya kukutana. Ndiyo maana ukomeshaji hutawaliwa na usambaaji wa molekuli, jambo ambalo Benson na North walilionyesha kwa kuona kwamba mnato wa kiyeyushi hubadilisha kt. Radikali fupi husafiri nzima nzima, hivyo kila monoma inayoongezeka huipunguzia mwendo waziwazi. Kwa ile ndefu hali ni tofauti, na hapa huwaomba wanafunzi wangu wakumbuke kamba za mitumbwi pale Mwaloni, Kirumba: kamba ndefu iliyojikunja majini haiendi popote, lakini ncha yake huchezacheza na kila wimbi. Minyororo miwili mirefu ikishasogeleana na kuingiliana, kinachobaki ni ncha kutafutana, na uchezaji wa ncha hautegemei sana urefu wa mwili ulio nyuma yake.

Kwa hiyo kt hupungua kwa awamu mbili. Kwa radikali mbili zenye urefu sawa, kt hushuka kadiri urefu unavyoongezeka, urefu ukiwa na kipeo cha takriban 0.6 hadi monoma zifike kiasi cha 100, na baada ya hapo kipeo cha karibu 0.2 tu; mpaka huo wa 100 wenyewe hutofautiana kati ya aina moja ya monoma na nyingine. Tafsiri yake ni nzito kuliko inavyoonekana: kutoka monoma 1 hadi 100, kt hupungua takriban mara 16, lakini kutoka 100 hadi 1,000 hupungua mara 1.6 tu. Mnyororo wa methakrilati ya methili katika nyuzijoto hizo 60 huongeza monoma zipatazo 7,500 kwa sekunde, hivyo awamu ya kwanza yote huisha ndani ya takriban sekunde 0.013. Kuipima awamu fupi namna hiyo kulihitaji mbinu ambayo naistahi sana, iliyoendelezwa na Buback na wenzake kule Göttingen, Ujerumani: mpigo mmoja wa leza huzalisha radikali zote kwa pamoja, zikawa za rika moja na karibu urefu mmoja, kisha kupungua kwa idadi yake hufuatiliwa kwa kifaa kinachotumia sumaku.

Turudi kwenye daftari. Kuongeza kianzishi hufupisha minyororo, na minyororo mifupi hufa upesi zaidi, kwa hiyo sehemu ya faida hupotea. Ukiingiza kipeo cha 0.2 katika mlinganyo wa hali tuli, pale radikali zinazozaliwa zinapolingana na zinazokufa, kianzishi mara nne hutoa kasi mara 1.85, ukiingiza 0.6, kama minyororo yote ingekuwa mifupi, ungepata mara 1.5 tu.

Mwanafunzi alifurahi, lakini nilimzuia asiandike hitimisho. Kasi pungufu namna hiyo inaweza pia kusababishwa na radikali changa za kianzishi kuua minyororo kabla hazijaanza kukua zenyewe. Kwa kweli huo ni mfano wa kupindukia wa jambo lilelile, yaani fupi inayokimbia kuikuta ndefu iliyotulia, na katika chombo halisi vifo vingi hutokea kwa jozi za namna hiyo. Hata hivyo mlinganyo wake ni mwingine, na ushahidi unapaswa kutenganishwa.

Nilimshauri aache kianzishi kama kilivyo, aongeze kidogo thioli, kiwanja chenye salfa iliyoungana na haidrojeni. Thioli hukatisha mnyororo na kuanzisha mwingine bila kubadilisha idadi ya radikali zinazozaliwa. Kama kt ingekuwa namba moja, na mnyororo mpya ukianza bila kuchelewa, kasi isingebadilika hata kidogo. Alirudi baada ya wiki mbili na mistari mitatu kwenye grafu moja ya monoma iliyotumika dhidi ya muda: kila thioli ilipozidi, mteremko wa mstari, yaani kasi, ulipungua.