Kabla Hujamwachisha Mgonjwa Wako Dawa

Kila inapokaribia Oktoba 10, Siku ya Afya ya Akili Duniani, dirisha letu la dawa hupata foleni ndefu kuliko kawaida. Mwaka huu malalamiko yamefanana mno, hata nikaombwa niyajibu kwa maandishi: vidonge vipya vya magonjwa ya akili vinanenepesha, vinalaza, vinamfanya mtu zezeta, na kwa sababu hiyo ndugu wameamua kumwachisha mgonjwa. Malalamiko mawili ya kwanza ni ya kweli. La tatu lina ukweli ndani yake. Kosa liko kwenye uamuzi.

Ninaposema vidonge vipya nakusudia antisaikotiki za kizazi cha pili: risperidoni, olanzapini, kwetiapini, aripiprazoli na klozapini. Upya wenyewe ni wa mazoea tu, kwani klozapini ilianza kutumika Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1970, na risperidoni ilipata kibali Marekani mwaka 1993. Zinaitwa mpya zikilinganishwa na klopromazini, ambayo wazee wengi wanaijua kwa jina la Largactil, iliyoanza kutibu wagonjwa wa akili huko Paris mwaka 1952, na haloperidoli iliyotengenezwa Ubelgiji mwaka 1958.

Dopamini ni kemikali ya ubongo ambayo kazi yake mojawapo ni kukuambia jambo gani lina uzito. Ikizidi katika njia fulani za ubongo, kila kitu kinakuwa na uzito. Jirani akikohoa, amekohoa kwa ajili yako. Mtangazaji wa redio anakusema wewe. Dawa huenda kukalia vipokezi vya dopamini ili kemikali hiyo isipate pa kutua kwa wingi. Dawa za zamani hufanya hivyo kwa nguvu na karibu kila mahali, pamoja na sehemu ya ubongo inayoongoza mwendo wa mwili. Ndiyo sababu mgonjwa wa haloperidoli anaweza kukakamaa, kutetemeka au kupinda shingo, na daktari hulazimika kumwongezea benzeksoli, dawa ya kupunguza hali hizo.

Vipimo vya picha za ubongo vimeonyesha kwamba dawa nyingi za aina hii zinahitaji kukalia takriban vipokezi 65 katika kila 100 ili zifanye kazi, na zikipita kama 80, kukakamaa kunaanza. Nafasi hiyo ni nyembamba sana. Dawa za kizazi cha pili zinaipanua kidogo kwa sababu huzuia pia baadhi ya vipokezi vya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, na baadhi yake, kama klozapini na kwetiapini, hazishiki kwa kung'ang'ania. Zinakalia na kuachia. Aripiprazoli ina njia yake: hukikalia kipokezi na kukiamsha kidogo, hivyo palipozidi inapunguza na palipopungua inaongeza.

Dawa hizi za kizazi cha pili hutibu skizofrenia, yaani ugonjwa wa kusikia sauti na kushika imani za ajabu, hutuliza wazimu wa kupanda katika baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, na kuuzuia usirudi, na huongezwa kwenye dawa za sonona pale sonona inapoambatana na kusikia sauti au inapokataa tiba ya kwanza. Risperidoni na aripiprazoli hutumika pia kwa dozi ndogo kwa baadhi ya watoto wenye usonji ambao hasira zao zinawaumiza, lakini hazitibu usonji wenyewe. Naomba hilo lieleweke, maana wazazi wanakuja wakiwa wameambiwa vingine.

Dawa hizi si panadol. Usingizi na fujo vinaweza kutulia ndani ya siku chache, lakini sauti na imani za ajabu huchukua wiki, mara nyingi 4 hadi 6, kabla ya kufifia. Na zikishafifia, kinachozifanya zisirudi ni dawa hiyo hiyo mnayotaka kuiacha. Uchambuzi wa tafiti 65 uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2012 uliwafuata wagonjwa waliokuwa wametulia. Ndani ya takriban mwaka mmoja, 27 kati ya 100 walioendelea na dawa waliugua tena. Kwa walioachishwa walikuwa 64. Wao hawakuwa walevi waliokosa kilevi. Ugonjwa wao ulirudi. Dawa hizi hazilevyi, hazina stimu, na kwa kawaida mtu hazitamani. Nimelieleza jambo hili kwa miaka mingi na bado naulizwa kila wiki.

Mgonjwa wa mara ya kwanza hushauriwa kuendelea na dawa angalau mwaka mmoja baada ya kutulia, ndipo daktari azungumze naye habari ya kupunguza, na hupunguzwa polepole kwa miezi. Kuombewa hatukatazi. Anayeombewa aendelee kumeza.

Sasa nirudi kwenye malalamiko, kwa sababu hapa ndipo sisi wenyewe tunapaswa kufanya vizuri zaidi. Olanzapini na klozapini huongeza njaa kwelikweli. Mama mmoja aliniambia kijana wake anamaliza ugali wa watu watatu kisha anauliza kama umebaki, na ndani ya miezi michache suruali zake zote zilikuwa zimegoma. Huo si uroho. Dawa inagusa vipokezi vinavyohusika na kushiba, na inaweza kupandisha sukari na mafuta ya damu hata kabla mwili haujanenepa sana. Kwa hiyo mgonjwa anapoanza tunapaswa kumpima uzito, kiuno, presha, sukari na mafuta ya damu, kisha kurudia baada ya miezi 3 na angalau kila mwaka. Kama hujapimwa, dai. Usione aibu kudai, kwani ni sehemu ya tiba. Ukinywa maji mengi na kukojoa mara kwa mara kuliko zamani, usingoje tarehe ya kliniki.

Risperidoni ina lake: hupandisha homoni ya maziwa. Mwanamke anaweza kukosa hedhi na kudhani ana mimba, au maziwa yakamtoka hali hanyonyeshi. Mwanamume anaweza kupungukiwa nguvu za kiume, na huyu ndiye anayeacha dawa kimya kimya bila kumwambia hata mke wake. Yote haya yana njia: kupunguza dozi, kubadili dawa, kubadili muda wa kumeza. Hata uzezeta mara nyingi ni dozi iliyozidi, ingawa wakati mwingine ni ugonjwa wenyewe, kwa kuwa skizofrenia huondoa ari na maneno hata kwa mtu ambaye hajawahi kumeza kidonge. Kutofautisha mambo hayo mawili ni kazi ya daktari aliyemwona mgonjwa, si ya shangazi kwenye simu.

Kuhusu kupata dawa: zote ni dawa za cheti. Cheti kamili kina jina la mgonjwa, umri, tarehe, jina la dawa, nguvu yake, namna ya kumeza, idadi ya siku, jina na saini ya aliyeandika, na muhuri wa kituo. Kikikosa kimojawapo, mfamasia ana haki ya kukurudisha, na tafadhali usimgombeze. Famasi inayouza bila cheti inavunja sheria. Baraza la Famasi linaweza kuifungia, na mhusika anaweza kufikishwa mahakamani. Madhara yoyote yanaripotiwa TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba Tanzania, ambapo mtoa huduma hujaza fomu ya njano. Mwombe aijaze mbele yako, mtajie jina la dawa, kampuni na namba ya toleo iliyoandikwa kwenye pakiti. Ndiyo maana tunasema pakiti isitupwe.

Na usimgawie mtu mwingine dawa hizi. Nimekuta familia inayompa bibi nusu ya kidonge cha mjukuu ili alale. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wazee wenye ugonjwa wa kusahau waliopewa dawa hizi walifariki mara 1.6 hadi 1.7 zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Bibi asiyelala apelekwe kwa daktari.

Klozapini inahitaji maelezo yake. Mwaka 1975 huko Finland wagonjwa kadhaa walifariki baada ya chembe nyeupe za damu kushuka, na dawa ikaondolewa katika nchi nyingi. Ilirudi baada ya utafiti wa mwaka 1988 kuonyesha kwamba, kati ya wagonjwa walioshindikana kwa dawa nyingine, 30 katika 100 walipata nafuu kwa klozapini ndani ya wiki 6, dhidi ya 4 waliopewa klopromazini. Kwa hiyo hutolewa kwa masharti: damu hupimwa kabla ya kuanza, kila wiki kwa miezi ya mwanzo, kisha kwa vipindi virefu zaidi. Bila majibu ya damu hatutoi vidonge, hata kama umetoka mbali na nauli imekwisha. Najua inauma. Homa au koo linalouma kwa mgonjwa wa klozapini ni sababu ya kuja hospitali siku hiyo hiyo. Choo kigumu kwa siku kadhaa vilevile, maana kimeua watu. Na anayevuta sigara akiacha ghafla, atuambie, kwa sababu kiwango cha klozapini au olanzapini kwenye damu yake kitapanda.

Kwa dawa yoyote kati ya hizi, homa kali pamoja na misuli kukakamaa na akili kuchanganyikiwa ni dharura. Usimpe dozi inayofuata, mlete usiku huo huo pamoja na pakiti zote, hata zilizokwisha.