Oklahoma kabla ya kuwa jimbo: nchi iliyoitwa tupu

Jina Oklahoma si la Kiingereza. Ni maneno mawili ya Wachoctaw, mojawapo ya mataifa ya wenyeji wa Marekani, okla na humma, yaani "watu wekundu". Aliyelipendekeza ni chifu wao Allen Wright, mwaka 1866, walipokuwa wakijadili mkataba na serikali ya Marekani. Ajabu ni kwamba ukizitazama filamu za makauboi utadhani pale palikuwa na nyasi na upepo tu hadi mzungu alipofika na farasi wake.

Baada ya sheria ya mwaka 1830 ya kuwahamisha wenyeji, mataifa matano, Cherokee, Choctaw, Chickasaw, Creek na Seminole, yaling'olewa kusini-mashariki mwa Marekani na kupelekwa ng'ambo ya mto Mississippi. Safari ya Wacherokee ya 1838 hadi 1839 inakadiriwa kuua watu wapatao 4,000. Walikofikishwa pakaitwa Eneo la Wahindi. (Wahindi hawa si wa Bombay, ni kosa la Columbus ambalo halijafutika mpaka leo.) Waliahidiwa kwamba nchi hiyo ni yao daima.

Nao wakaijenga. Mjini Tahlequah Wacherokee walikuwa na bunge, mahakama kuu ya matofali na, tangu 1844, gazeti lililochapwa kwa Kiingereza na kwa herufi zao wenyewe, zile alizobuni Mcherokee mwenzao, Sequoyah. Tusiwapambe kupita kiasi: matajiri wao walimiliki watumwa weusi, na vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipozuka mwaka 1861, serikali za mataifa hayo zilifunga mikataba na upande wa kusini, uliotetea utumwa. Upande huo uliposhindwa, walilazimishwa kuwaacha huru watumwa na kuachia ardhi yao ya magharibi. Katikati pakabaki kipande cha karibu ekari milioni mbili ambacho hakikugawiwa taifa lolote, na walowezi wakakikodolea macho.

Jumatatu, 22 Aprili 1889, watu wapatao 50,000 walijipanga mpakani na farasi, mikokoteni, wengine kwa miguu. Saa sita kamili mchana ishara ikatolewa, wakatimka. Aliyewahi kupigilia kigingi kwenye kiwanja kisicho na mtu aliweza kudai hadi ekari 160. Asubuhi ile Guthrie ilikuwa kituo cha reli na ofisi ya ardhi. Jua lilipozama ilikuwa na watu kama 10,000 ndani ya mahema. Wengine walikuwa wamejipenyeza usiku na kujificha vichakani, wakaitwa Sooners, yaani waliotangulia kabla ya wakati. Lilikuwa jina la aibu; leo ndilo lakabu la jimbo zima.

Mwaka 1890 upande wa magharibi ukawa Eneo la Oklahoma, na gavana wake akateuliwa na Rais. Mjumbe wake katika Bunge la Washington aliweza kusema, lakini hakupiga kura. Weusi walioukimbia ubaguzi wa kusini nao walikuja wakaanzisha miji yao, Langston mwaka 1890, kisha Boley upande wa mashariki.

Huko mashariki mataifa matano yalikuwa bado yanajitawala, na hilo halikuvumiliwa. Sheria ya Curtis ya 1898 ilifuta mahakama zao, na ardhi iliyokuwa ya taifa zima ikakatwa vipande vya mtu mmoja mmoja. Anayejua tofauti ya ardhi ya ukoo na shamba lenye hati hahitaji kuelezwa nini kilifuata: wanunuzi, mawakili na walaghai.

Hapo ndipo penye kisa ambacho, kwa maoni yangu, kingepaswa kusomeshwa zaidi ya zile mbio za farasi. Agosti 1905 wajumbe walikutana Muskogee, wakiongozwa na Pleasant Porter, chifu wa Wacreek, wakaandika katiba ya jimbo lao wenyewe, jimbo la Sequoyah. Novemba wananchi wakaipigia kura: 56,279 ndiyo, 9,073 hapana. Bunge la Washington likaiweka kando. Rais Theodore Roosevelt alitaka jimbo moja, si mawili.

Tarehe 16 Novemba 1907 Oklahoma ikawa jimbo la 46. Mjini Guthrie waliigiza harusi hadharani: bwana arusi akawakilisha Eneo la Oklahoma, bibi arusi akawa mwanamke mwenye damu ya Kicherokee, kwa niaba ya Eneo la Wahindi. Muswada wa kwanza wa Seneti ya jimbo jipya uliamuru weusi na weupe watenganishwe kwenye mabehewa ya treni.

Julai 2020, Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba Bunge la Washington halikuwahi kuifuta hifadhi ya Wacreek, yaani ardhi waliyotengewa kwa mkataba. Sehemu kubwa ya jiji la Tulsa imo ndani yake.