Chatu akishashiba huhitaji jua

Sungura aliyekaa siku tatu tumboni mwa chatu bila kumeng'enywa ana harufu ambayo sitaieleza, usije ukaiacha chai yako. Nilikutana nayo Arusha, asubuhi moja ya Julai, katika mwaka wangu wa kwanza wa kutunza nyoka. Umeme ulikatika mara tu baada ya kumlisha, taa ya joto kizimbani ikazima, nami sikujali. Chatu amekula, ameshiba, alale zake. Siku ya tatu nikamkuta amejikunja kona moja, na sungura mzima mzima, manyoya yamelowa, yuko kona nyingine.

Nilikuwa nimempa chakula nikamnyima jiko.

Tunawaita wanyama wa damu baridi, na jina hili limeharibu ufahamu wa watu wengi. Chatu aliyeota jua hadi saa nne asubuhi anaweza kuwa na nyuzi joto 30 mwilini, si mbali sana na 37 zako. Tofauti iko kwenye chanzo. Wewe joto lako unalichoma kutokana na ugali, na sehemu kubwa ya unachokula huishia humo. Yeye analipata bure juani na kwenye mawe. Ndiyo maana hutosheka na takriban sehemu moja ya kumi ya chakula cha mamalia wa uzito uleule, na akikosa windo hukaa miezi bila kudhoofika sana.

Sasa tazama kinachotokea akishameza. Chatu mwenye njaa amezima karibu kila kitu ndani: utumbo umesinyaa, tumbo halina asidi ya maana. Akimeza, mitambo yote inawashwa kwa pamoja. Kwa chatu wa Burma, ambaye ndiye aliyechunguzwa zaidi maabara, utumbo mdogo huongezeka uzito karibu maradufu ndani ya siku moja au mbili, na moyo hunenepa kwa asilimia 40 hivi katika saa 48. Akimeza windo zito kama mwili wake, matumizi ya nishati yanaweza kupanda zaidi ya mara 40. Farasi anayekimbia mbio zake zote hufika huko. Huyu amelala chini, hajatikisa hata mkia.

Kazi hiyo yote inategemea joto. Vimeng'enya, yaani kemikali za mwili zinazovunja chakula, vikipoa vinazembea, lakini bakteria waliomo tumboni mwa sungura hawangoji. Ni mashindano: ama chatu ammeng'enye sungura, ama sungura aozee ndani yake. Kwenye nyuzi 30 hivi chatu anashinda. Usiku wa Julai wa Arusha, nyuzi zikiwa 12 au 13, anashindwa, na njia ya kujiokoa ni kutapika.

Kwa hiyo chatu akishiba hutafuta mahali penye joto na kutulia hapo. Si nyoka wote hufanya hivyo. Kuna aina ambazo zikipimwa hazionyeshi tofauti kati ya aliyekula na mwenye njaa. Mamba wamo pia katika mchezo huu. Mwaka 1979 mtafiti Jeffrey Lang alionyesha kwamba aligeta, jamaa wa mamba, na mamba wa Amerika, wakishalishwa, huchagua sehemu zenye joto kuliko wenzao ambao hawajala. Ukiona mamba wa Mto Grumeti amelala mchangani baada ya kushiba nyumbu, usimwite mvivu. Yuko kazini.

Hapa ndipo chatu anapouawa bure. Mtu anamkuta kando ya shamba, tumbo limevimba, hakimbii, na kijiji kinasema huyu ana kiburi. Hana kiburi: amebeba mbuzi na anahitaji jua. Akishtuliwa, mara nyingi anatapika ili awe mwepesi wa kukimbia. Mbuzi umeshampoteza, lakini kama chatu hayuko karibu na watoto au zizi, muite afisa wanyamapori badala ya panga.

Wasomaji wangu wengi hawafugi nyoka, wanafuga sato, na kanuni ni ileile. Sato hupenda maji ya nyuzi 27 hadi 30. Maji yakishuka chini ya 20 hamu yake hupungua sana, na yakikaribia 16 karibu anaacha kula. Rafiki yangu wa Njombe alikuwa akimwaga chakula saa kumi na mbili asubuhi, kwa sababu ndivyo anavyolisha kuku. Chakula kikazama, kikaoza, maji yakachafuka, naye akalaumu vifaranga. Nilimwomba afanye mambo mawili tu: anunue kipimajoto, na alishe kuanzia saa nne, jua likishapasha maji. Siku za baridi kali apunguze kiasi, na kama samaki hawaji juu, asimwage kabisa.

Mimi nami nina utaratibu wangu. Kati ya Juni na Agosti simlishi chatu yeyote kabla ya kuangalia mafuta ya jenereta. Yakiwa chini ya nusu, sungura anarudi bandani na chatu anangoja. Huyo anaweza kungoja wiki kadhaa. Tumbo lililojaa kwenye baridi haliwezi kungoja hata siku tatu.