AI imekupa sheria ya kweli, ila siyo ya kwetu

Nimeletewa tena hati ya kiapo mteja kaiandaa mwenyewe na AI, Kiswahili safi kabisa, ila juu imeandikwa "Jimbo la ____, Kaunti ya ____" na yeye kajaza Jimbo la Ubungo. Jamani. Hiyo ni fomu ya notari (yule anayethibitisha hati na viapo) wa Marekani imevalishwa kanzu.

Nikisema hivyo naambiwa "wakili, nimehakiki, haijatunga kitu". Hapo ndo mnaponichosha. Mmesikia ile kesi ya New York ya 2023, Mata na Avianca, mawakili walipeleka kesi zilizotungwa na ChatGPT wakapigwa faini ya dola 5,000, basi mnaona hatari ni uongo peke yake. Uongo unakamatika, unaitafuta kesi TanzLII, ule mtandao wa hukumu na sheria zetu, haipo, kwisha. Shida ni sheria ya kweli ya nchi nyingine, na kuuliza kwa Kiswahili hakukuhakikishii jibu la Tanzania. Itakwambia notari si lazima awe mwanasheria, kweli, California, Marekani. Itakwambia lazima awe wakili wa miaka 5, kweli pia, ila hiyo Kenya, Sura ya 12 ya kwetu, sheria ya manotari na makamishna wa viapo, haidai hiyo miaka. Itakwambia kiapo kwa video ruksa, kweli, Virginia hukohuko Marekani wameanza 2012.

Sasa jurati, ile sehemu ya chini ya "mbele yangu". Kifungu cha 8 cha hiyo Sura ya 12 zamani kilitaka mahali na tarehe tu, marekebisho ya 2016 yakaongeza kwamba kamishna wa viapo, yaani anayekuapisha, aandike na jina lake humohumo. AI mara nyingi inakupa kile cha zamani. Mtu ananiuliza si jina lipo kwenye muhuri? Lipo, na mimi naliandika kwa mkono vilevile, maana wakili wa upande wa pili akiona upenyo analeta pingamizi na ombi lako linaweza kutupwa hata madai hayajasikilizwa. Kusema kweli mahakama zetu zenyewe hazijatulia kwenye kasoro za jurati, hasa toka 2018 ilipoingia ile kanuni ya kutobanwa na ufundi wa kisheria, kuna jaji atakuruhusu urekebishe, kuna mwingine anatupa. Usikubali kesi yako ndo iwe ya majaribio.

Kifungu cha 7 fupi tu: wakili anayekuendeshea kesi hawezi kukugongea kiapo chako, hata AI iseme "peleka kwa wakili wako".

AI naitumia na mimi, sikatai, ila naipa nchi, sura na kifungu, halafu nafungua sheria yenyewe, toleo la 2023 lililoanza kutumika 1 Julai 2025. Na wewe unayetaka nikuapishe kwa WhatsApp video, labda ipo siku jaji atasema kioo cha simu nacho ni "mbele yangu", hoja ipo, ila mimi sigongi. Njoo na kitambulisho, na usisaini kabla hujafika.