Upotevu wa maji mijini: maana yake nini?

Upotevu wa maji ni tofauti kati ya maji yanayotoka mtamboni na yale yanayolipiwa na wateja. Mtambo ukisukuma lita 100 na ankara zikaonyesha lita 65, upotevu ni asilimia 35. Hesabu ni nyepesi. Kazi ni kujua hizo 35 zimekwenda wapi.

Nyingine zimemwagika kweli, kwenye mabomba chakavu na viungio vilivyolegea. Bomba linalomwaga ndoo ya lita 20 kila dakika hupoteza lita 28,800 kwa siku, karibu uniti 29. Kaya nyingi hazifikishi hizo kwa mwezi mzima! Na bomba lililopasuka barabarani lina nafuu, maana mpita njia atapiga simu. Baya ni linalovuja chini kwa chini kwa miezi. Ili kulinasa, mji hugawanywa katika maeneo madogo, kila eneo na dira yake kubwa ya kupimia maji, na dira hiyo husomwa saa nane usiku watu wamelala. Ikiwa bado inakimbia, kuna mahali panavuja. (Penye mgao kipimo hiki husumbua, kwa kuwa usiku ndipo watu wanajaza masimtanki.)

Maji mengine yametumika ila hayakulipiwa: dira mbovu, watu waliojiunganishia kinyemela. Nayo huhesabiwa upotevu, na naona ni haki, kwani asiyelipia hana sababu ya kufunga koki.

Oktoba 2022 Mto Ruvu ulipopungua na Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao, wananchi tulihimizwa kubana matumizi. Ni sawa, lakini sera ya kuhifadhi maji ya mji ianzie kwenye bomba la mamlaka kabla ya kufika kwenye ndoo ya mama wa nyumbani.

Phnom Penh, Kambodia, walianzia huko. Mwaka 1993 upotevu wao ulikuwa asilimia 72. Kufikia 2010 ulikuwa karibu asilimia 6. Walibadilisha mabomba, wakafunga dira kwa kila mteja, wakaweka mafundi wa zamu usiku na mchana. Vigogo nao walilipishwa. Mkuu wa mamlaka ya maji ya mji huo wakati huo, Ek Sonn Chan, alielekezewa bastola na jenerali mmoja alipokwenda kumfungia dira. Dira ilifungwa.