Si wanaanga pekee waliotuletea udongo wa Mwezi

Wengi huamini kwamba kila chembe ya udongo wa Mwezi iliyomo maabara ililetwa na wanaanga wa Marekani. Ni kweli kwamba safari sita za Apollo zilirudi na kilo 382, ambazo ni sehemu kubwa mno ya shehena yote. Lakini Septemba 1970 chombo cha Kisovieti, Luna 16, kilitua bila mtu ndani, kikachimba kwa keekee yake hadi sentimita 35, kikaufungia udongo katika kapsuli na kuirusha kurudi duniani ikiwa na gramu 101. Luna 20 na Luna 24 zilifuata.

Uchache wa udongo unaoletwa na vyombo visivyo na watu usitufanye tuudharau hata kidogo. Mwaka 2020 chombo cha China kisicho na mtu, Chang'e 5, kilileta mawe ya volkano yenye umri wa takriban miaka bilioni 2, machanga kuliko yote ya Apollo, ikadhihirika kwamba volkano za Mwezi ziliwaka muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa. Mwaka 2024 Chang'e 6 ilichota kilo 1.9 katika upande usioonekana kutoka duniani, ambako hakuna mwanaanga aliyewahi kukanyaga.