Kwa nini ndege ya kivita kwenye simuleta haitulii ukiachia joistiki?

Karibu kila mgeni wa simuleta za vita vya angani, yaani michezo ya kompyuta inayoiga urubani halisi, hukutana na kisa hiki. Anachagua Spitfire ya Waingereza au Bf 109 ya Wajerumani, ndege za Vita Kuu ya Pili ya Dunia, anaomba aanzie hewani ili akwepe balaa la kupaa, kisha anaachia joistiki, ule mkono wa kuongozea ndege, kidogo atazame ramani. Akirudisha macho, pua imeshapanda, bawa moja limelala na mwendo unakwisha. Lawama ya kwanza humwangukia aliyetengeneza joistiki, ya pili aliyetengeneza mchezo.

Je, wajua kwamba mara nyingi hakuna kilichoharibika? Ndege zile ndivyo zilivyokuwa. Kifaa cha kuzituliza kipo, kinaitwa trimu, ila wengi hukielewa visivyo. Wanadhani trimu huiambia ndege ielekee wapi. Kazi yake hasa, kwa upande wa pua, ni kuamua ndege itulie kwenye mwendo gani.

Tuanzie mkiani. Ndege nyingi za kawaida zimejengwa pua iwe nzito kidogo, yaani kitovu cha uzito kiko mbele ya pale mabawa yanapoinyanyulia ndege. Ingeachwa hivyo ingeinama moja kwa moja, kwa hiyo bawa dogo la mkia hufanya kazi ya kusukuma chini ili pua isimame. Uzito wa pua haujali mwendo. Nguvu ya mkia inaujali, tena sana: ukitoka kilomita 250 kwa saa ukafika 500, yaani mwendo mara mbili, msukumo wa upepo kwenye mkia huwa mara nne. Mkia unazidi nguvu, pua inapanda. Ukipunguza mwendo, mkia unadhoofika na pua inashuka. Katikati hapo upo mwendo mmoja ambao mambo mawili haya hulingana, na huo ndio unaouchagua unapozungusha gurudumu la trimu.

Ndiyo maana ndege iliyotrimiwa kwa kilomita 350, ukiiachia ikiwa inakwenda 450, haitulii papo hapo. Itapanda, ipoteze mwendo, ishushe pua, ichukue mwendo tena, ipande tena, mawimbi marefu yanayopungua polepole. Ndiyo maana pia ukisukuma nguvu ya injini bila kugusa kitu kingine, ndege haikimbii zaidi kwa kiasi ulichotarajia. Sehemu kubwa ya nguvu hiyo huishia kwenye kupanda. Mchezaji anayehangaika kuinyoosha ndege kwa trimu huku anachezea injini kila sekunde tatu anafukuza kivuli chake. Weka nguvu ya injini kwanza, shikilia pua mahali pake kwa mkono, subiri mwendo utulie, halafu ndipo utrimu. Mpangilio huo ukigeuzwa hakuna kinachokaa.

Kifaa chenyewe ni rahisi ajabu. Elevata ni kile kibamba cha mkiani kinachopandisha na kushusha pua. Kwenye ukingo wake wa nyuma hufungwa kibamba kingine, kidogo zaidi, kinachocheza kinyume chake. Kibamba kidogo kikishuka, upepo unakisukuma juu, nacho kinaibeba elevata nzima juu pamoja nacho, na pua ya ndege inainuka. Rubani hatoi nguvu. Upepo ndio unaofanya kazi. Mhandisi Mjerumani Anton Flettner ndiye anayehusishwa na wazo la vibamba hivi, na kwa Kifaransa bado huitwa kwa jina lake.

Si kila kiwanda kilifuata njia hiyo, na hapo ndipo wachezaji wanapokwama wanapohama kutoka ndege moja kwenda nyingine. P-51 Mustang ya Wamarekani ina trimu tatu kamili, ya pua, ya mkia wa wima na ya mabawa, zote kwa mkono wa kushoto. Spitfire ina magurudumu mawili, la elevata na la usukani wa mkia (kibamba cha wima kinachogeuza pua kushoto na kulia kwa pedali za miguuni), lakini mabawa hayana trimu ya kuchezea ukiwa hewani. Fw 190 ya Wajerumani ina swichi ya umeme inayogeuza bawa dogo zima la mkia. Vibamba vya mabawa na vya usukani wa mkia vilipindwa na fundi ndege ikiwa ardhini, kabla ya safari.

Bf 109 ndiyo yenye visa. Kando ya kiti, kushoto, yapo magurudumu mawili yaliyokaa bega kwa bega: moja la flapu, vile vibamba vya mabawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, moja la kubadili pembe ya mkia wa mlalo. Haikuwa bahati. Flapu zikishuka ndege hubadili mizani yake, na rubani aliweza kukumbatia magurudumu yote mawili kwa kiganja kimoja akayazungusha pamoja, flapu na trimu zikaenda sambamba. Ukiwa mezani jambo hili linakuja na mtego wake. Katika mfululizo mpya wa simuleta ya IL-2 Sturmovik, kugeuza mkia mzima kuna amri yake ya pekee kwenye orodha ya vidhibiti, tofauti na amri ya trimu ya kawaida. Mtu anabonyeza vitufe vya trimu alivyovizoea kwenye ndege nyingine, hakuna kinachotokea, anahitimisha kwamba 109 haina trimu.

Kwa usukani wa mkia hitimisho hilo lingekuwa sahihi. Rubani wa 109 hakuwa na trimu ya kuurekebisha hewani. Waingereza walipoijaribu Bf 109E iliyotekwa, mwaka 1940 huko Farnborough, Uingereza, hilo lilikuwa moja ya mambo waliyoyalalamikia: kwenye mwendo mkubwa rubani alilazimika kukandamiza pedali ya kushoto muda wote.

Kwa nini pedali, na kwa nini upande huo? Kwa sababu ya propela. Ukikaa kwenye kiti cha rubani wa 109, au wa Spitfire ya injini ya Merlin, propela inazunguka kama mishale ya saa. Upepo wake unajisokota kuizunguka ndege na kuupiga mkia wa wima upande wa kushoto, pua inavutwa kushoto. Injini nayo, inapoizungusha propela kulia, inausukuma mwili wa ndege ujipindue kushoto. Nguvu ikiwa nyingi na mwendo mdogo, kama wakati wa kupaa au kupanda, mvuto huu ni mkali na mguu wa kulia haupumziki. Waundaji walijua, wakauweka mkia uegemee kidogo ili kwenye safari ya kawaida mambo yalingane. Sasa ukipiga mbizi, mwendo unapita ule waliouwazia, yale masahihisho yanazidi kipimo na pua inakwenda kulia. Hapo mguu wa kushoto ndio unaofanya kazi. Gari lililopoteza alaimenti huvuta upande mmoja siku zote. Ndege ya propela hubadili upande kulingana na mwendo na nguvu ya injini.

Spitfire za baadaye zilizofungwa injini ya Griffon ziligeuza kila kitu: propela yao inazunguka upande mwingine, nazo huvutwa kulia wakati wa kupaa. Ukitoka Spitfire Mk IX ukapanda Mk XIV na mazoea yako ya mguu, utaondoka kwenye barabara ya kurukia kabla gurudumu la mkia halijanyanyuka. Kwenye P-51 dawa inaandaliwa mapema: kabla ya kupaa trimu ya usukani wa mkia huwekwa kulia, digrii 5 au 6 hivi. Anayeisahau hukumbushwa haraka.

Haya ya kuvutwa pembeni yangekuwa kero ndogo tu kama ndege hizi zingekuwa za abiria. Lakini ni bunduki zenye mabawa. Kwenye dashibodi za nyingi kati yake kuna kipira cheusi ndani ya kijibomba cha kioo kilichopinda. Kipira kikiwa katikati, ndege inakwenda kule pua inakotazama. Kikiwa pembeni, ndege inateleza ubavu, na risasi zinaondoka zikiwa na huo mwendo wa ubavu ndani yake. Unaona adui yuko katikati kabisa ya alama ya shabaha, unafyatua, risasi zinampita kando, unalaumu mchezo. Wengi wanaolalamika kwamba mizinga ya ndege fulani haigongi wangepona kwa kutazama kipira kabla ya kubonyeza kitufe. Kumbuka pia kwamba kumshukia adui kutoka juu ndiko kunakoongeza mwendo kwa kasi, kwa hiyo kipira kinahama wakati uleule macho yako yameganda kwenye shabaha.

Je, utrimu katikati ya mapambano? Kwa maoni yangu, pua iache. Mwendo wakati wa mapambano hupanda na kushuka kila baada ya sekunde chache, na trimu haiwezi kuufuata. Iweke kwa mwendo unaopenda kupigania, kisha shughulika na mkono na miguu. Isipokuwa mbizi ndefu: elevata ya 109 huwa nzito mno kwenye mwendo mkubwa, na gurudumu la mkia linaweza kukutoa pale mkono ulipogoma. Zungusha kidogo kidogo. Ukishaingia kwenye hewa nzito ya chini, mkia ule uliokuwa haufanyi kitu unaamka wote kwa pamoja na unaweza kuyavunja mabawa.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo miongozo ya urubani halisi haiwezi kukusaidia: joistiki yako haijui lolote kuhusu upepo. Kwenye ndege halisi ya zama zile, rubani anayeshikilia pua isipande anahisi uzito mkononi. Anazungusha trimu mpaka uzito uishe, na joistiki inabaki palepale ilipo. Mahali pa kupumzikia pamehama. Joistiki ya mezani ina springi, na springi inajua sehemu moja tu, katikati. Kwa hiyo programu inafanya ujanja: inahamisha maana ya katikati. Ulikuwa umesukuma joistiki mbele sentimita mbili ili pua isipande. Unabonyeza trimu, na pua inaanza kuzama kwa sababu mkono wako bado uko mbele na trimu imeongezewa juu yake. Unatakiwa uilegeze joistiki kidogo kidogo kadiri trimu inavyoingia, mpaka springi iifikishe katikati na ndege iwe imetulia. Mkono mmoja unatoa, mwingine unapokea. Asiyelijua hili hubonyeza, pua inazama, anabonyeza kinyume, inapanda, na anaapa kwamba trimu ni uzushi.

Joistiki zenye mota ndani, zinazosukuma mkono wako kama upepo, hulimaliza tatizo hili kabisa, kwa sababu mota inahamisha sehemu ya kupumzikia kwelikweli. Microsoft iliziuza tangu miaka ya 1990 kwa jina la SideWinder, na zilizobaki bado zinatafutwa na wapenzi wa mchezo huu.

Helikopta zina utaratibu wao. Katika DCS World, simuleta nyingine, unashika joistiki pale unapotaka, unabonyeza kitufe cha trimu mara moja, na programu inakumbuka nafasi ile. Kisha lazima urudishe joistiki katikati upesi, la sivyo ulichokishika kinahesabiwa mara mbili. Ndani ya mipangilio kuna chaguo linaloifanya programu isikusikilize mpaka joistiki irudi katikati. Liwashe.

Kwa mchezaji wa War Thunder anayelenga kwa kipanya, mengi ya haya hayamhusu. Mchezo una msaidizi anayechezesha vidhibiti kwa niaba yake, miguu ikiwemo. Akihamia kwenye mapambano ya kiwango cha simuleta, msaidizi anaondoka na kila kitu kilichoelezwa hapa kinamwangukia siku hiyohiyo.

Ndege za jeti za kisasa zilikuja na kompyuta kati ya mkono na mkia. F-16, ambayo ndege yake ya majaribio iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1974, haikuombi utrimu pua kila mwendo unapobadilika. Kompyuta inaishikilia yenyewe. Utakachohitaji ni trimu ya mabawa baada ya kuachia bomu la upande mmoja, kwa kuwa bawa lililobaki na mzigo litalala. F/A-18 ni hivyohivyo, lakini mpaka pale tu unaposhusha magurudumu na flapu ili utue. Hapo kompyuta inabadili tabia na trimu inarudi na kazi yake ya zamani, ila sasa inashikilia pembe ambayo bawa linakutana na hewa badala ya mwendo. Pembe inayotafutwa ni digrii 8.1. Unabonyeza trimu nyuma, kidogo kidogo, mpaka ndege iikae pembe hiyo yenyewe bila mkono, uwe mwepesi au mzito. Kuanzia hapo joistiki ni ya kulaza mabawa kushoto na kulia tu, na kushuka kwako kuelekea meli ya kubebea ndege, ambako F/A-18 hutua, kunaongozwa na mkono wa injini.